Uzi: Usugu wa malaria kwenye jeni. R561H ya Kagera inamaanisha nini, na kwa nini ALu bado inatibu

#1 Darubini_100x (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila habari ya "malaria sugu Kagera" ikitoka, watu wanagawanyika. Kuna wanaosema dawa ya mseto (ALu, yaani artemether ya familia ya artemisinin pamoja na lumefantrine) imekufa, na kuna wanaosema ni janja ya kuuza dawa mpya. Wote wanateleza palepale: wanadhani usugu ni kitu kimoja, kama swichi ya taa. Naweka hapa hali ilivyo ndani ya jeni za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, wa maabara na wa wodini mtaongezea.

Tuanze na jina. R561H isomeke kama anwani. R ni amino asidi iliyopaswa kuwepo (arijinini), 561 ni nafasi yake kwenye protini, H ni iliyochukua nafasi hiyo (histidini). Kwenye DNA tofauti ni herufi moja tu: kodoni CGT imekuwa CAT. Jeni inaitwa k13, iko kromosomu ya 13, protini yake ina amino asidi 726. Mabadiliko yanayohusiana na usugu yapo sehemu ya mwisho ya protini, ile yenye umbo la mapanga ya feni, inayoitwa propela. Kwa hiyo ukikuta ripoti inataja K189T, tulia: iko nje ya propela na imejaa Afrika nzima bila madhara. Hata kuwa ndani ya propela hakutoshi. A578S iko hatua mbili tu kabla ya C580Y maarufu ya Kambodia, lakini haileti usugu.

Sasa utendaji. Artemisinin ni kama baruti inayosubiri kiberiti, na kiberiti chenyewe ni chuma kilichomo kwenye hemu. Kimelea kinameza hemoglobini ya seli nyekundu, kinaimeng'enya, hemu inatoka, dawa inawaka na kuunguza protini zake kila upande. K13 inafanya kazi kwenye kile kimlango cha kumezea hemoglobini. Ikibadilika, kimelea kikiwa kichanga (hatua ya pete) kinameza kidogo, hemu inakuwa chache, na dawa haipati kiberiti cha kutosha. Kinafunga mlo saa chache, na saa chache ndizo hasa kinazohitaji, kwa sababu artemisinin haikai damuni muda mrefu.

Kikishakua na kuwa trofozoiti, hakina ujanja, lazima kile, na dozi inayofuata inakikuta. Ndiyo maana jina rasmi ni usugu wa sehemu. Kinachobadilika ni kasi ya kusafisha damu: muda wa vimelea kupungua kwa nusu unavuka saa 5. Mgonjwa bado anapona iwapo dawa mwenza, yaani lumefantrine ndani ya ALu, iko imara. Swali la maana kwa Kagera basi si "artemisinin inaendeleaje" peke yake. Ni "lumefantrine inaendeleaje".

#2 Mchuja_Damu

Uzi umesimama. Niongeze kipande ambacho Watanzania wengi hawakijui: k13 iligunduliwa kupitia kimelea chenye asili ya Tanzania. Kuna ukoo wa maabara unaoitwa F32-Tanzania. Watafiti waliubana kwa artemisinin kwa miaka mitano, wakipandisha dozi hatua kwa hatua, kisha wakasoma jenomu yote na kulinganisha na ndugu yake ambaye hakuguswa na dawa. Ndani ya k13 wakakuta M476I. Hapo ndipo wakaenda kwenye sampuli za wagonjwa wa Kambodia wakakuta C580Y, R539T na Y493H zikifuatana na wagonjwa wanaochelewa kusafishika. Ilichapishwa 2014.

Na kipimo cha maabara cha usugu huu si IC50 ya kawaida (kiwango cha dawa kinachozuia nusu ya vimelea kukua). Watu wanakosea sana hapa. Ukiweka vimelea mchanganyiko wa umri kwenye dawa saa 72, wenye C580Y na wasio nayo wanaonekana sawa, kwa sababu trofozoiti wote wanakufa. Lazima uchukue pete za saa 0 hadi 3 tu: unatenga skizonti (vimelea vilivyokomaa, karibu kupasua seli) kwa kimiminika cha Percoll, unawaacha wapasuke na kuvamia seli mpya kwa saa 3, unaua waliobaki kwa sorbitoli ya asilimia 5. Kisha unaweka dihidroartemisinin nanomola 700 kwa saa 6, unaosha vizuri, unasubiri hadi saa ya 72 na kuhesabu walio hai. Wakizidi asilimia 1 ya kundi lisilopewa dawa, ni sugu. Ukizembea kuosha, masalia ya dawa yanaendelea kuua na utatangaza kimelea laini kumbe ni sugu. Ukizembea kwenye ile saa 0 hadi 3, matokeo yatakuwa ya kubahatisha tu.

#3 Omukama_wa_Data

Je, R561H ya Kagera imekuja na watu kutoka Asia, kama ilivyokuwa klorokwini?

#4 Darubini_100x

Hapana, mkuu. Ukisoma vinasaba vinavyoizunguka k13 kwenye kromosomu, vimelea vya Rwanda vyenye R561H ni vya ukoo wa Kiafrika. Imezaliwa hukuhuku. Sampuli za Masaka, Rwanda, zilikuwa nayo kwa wagonjwa 19 kati ya 257, asilimia 7.4, na taarifa ilitoka 2020. Upande wa Kagera, sampuli za 2021 zilionyesha takriban asilimia 7.7 kwa mkoa, ila wastani huo unaficha jambo: Karagwe peke yake ilikuwa karibu asilimia 23, wakati wilaya za mbali na mpaka zilikuwa na kidogo au hazina kabisa. Anayekupa namba ya mkoa bila wilaya hajakueleza kitu.

Uganda wana zao tofauti, A675V na C469Y, zilizoanzia kaskazini. Eritrea na Ethiopia wana R622I. Yaani ni mabadiliko manne yaliyochipuka sehemu mbalimbali kwenye jeni ileile.

Klorokwini historia yake ni nyingine. Usugu wa klorokwini ulionekana kwanza Asia ya Kusini Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika kwetu Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 ukiwa na alama za ukoo wa Asia.

#5 Pipeti_ya_20

Naweka upande wa benchi, maana naona watu wanajadili asilimia bila kujua zinavyopatikana.

Damu ya kidole, tone la maikrolita 50 hivi, kwenye karatasi ya kuchuja. Tone moja liingie lenyewe, usiburuze kidole wala kuongeza tone juu ya tone. Likauke usiku kucha mbali na jua. Karatasi iliyofungwa mbichi inaota ukungu, na ukungu unakula DNA. Kila karatasi mfuko wake, pamoja na silika jeli. Silika ikibadilika rangi, ibadilishe. Ya bluu iliyogeuka waridi haifanyi kazi tena.

Kutoa DNA kwa Chelex (chembe zinazonasa metali): vidoa vya milimita 3 vinalala kwenye saponini ya asilimia 0.5 usiku kucha kwenye friji, vinaoshwa mpaka rangi ya damu iishe, kisha vinachemshwa kwenye Chelex kwa dakika 10. Zungusha kwenye mashine, chukua maji ya juu TU. Chembe za Chelex zikiingia kwenye PCR (hatua ya kunakili DNA) zinanyonya magnesiamu, kimeng'enya kinakosa nguvu, na utaandika "sampuli hasi" kumbe umeua PCR mwenyewe. Rangi nyekundu iliyobaki nayo inazuia PCR vilevile. Na kile kitobolea karatasi, kati ya sampuli na sampuli toboa karatasi safi mara kadhaa. Damu inasafiri humo.

K13 yenyewe ni PCR ya hatua mbili, kipande cha mwisho kina jozi besi 849 na kinafunika propela karibu yote. Hatua mbili maana yake hatari mbili za uchafuzi: chumba cha kuchanganyia kiwe mbali na chumba cha kufungulia zao la kwanza, na kidhibiti hasi (kile kisicho na DNA) kipite hatua ZOTE mbili. Wengi wanakiweka ya pili tu.

Kisha kusoma herufi. Soma pande zote mbili za DNA. Kwenye nafasi ya 1682 ya jeni, G pekee ni kawaida, A pekee ni 561H, vilele viwili vikipandana ni mgonjwa mwenye vimelea mchanganyiko. Usomaji wa Sanger unapoteza ukoo ulio chini ya asilimia 20 hivi ya mchanganyiko, kwa hiyo sehemu zenye maambukizi mengi kiwango halisi kinaweza kuwa juu ya kilichoandikwa. Hapo usomaji wa kina wa kizazi kipya ndio unasaidia.

#6 Mzee_wa_Kizigua

Mkuu Pipeti, kwa klorokwini bado kuna anayetumia kimeng'enya cha kukata, au wote wamehamia kusoma herufi?

#7 Pipeti_ya_20

Bado wapo, ni rahisi na haihitaji mashine kubwa. Kimeng'enya cha ApoI kinakata pfcrt (jeni ya usugu wa klorokwini) ya kawaida kwenye kodoni ya 76 (AAA), hakikati ya K76T (ACA). Tatizo ni moja: kimeng'enya kikizeeka au DNA ikizidi, haikati yote. Jeli inaonyesha bendi iliyokatwa na isiyokatwa pamoja, na unaandika "mchanganyiko" wakati mgonjwa ana vimelea laini tupu. Dawa yake ni kuweka 3D7, ukoo wa maabara wenye pfcrt ya kawaida, kila mara. Ikibaki bendi isiyokatwa kwenye 3D7, jeli nzima itupe. Kwa upande wa mutanti (wenye mabadiliko) weka ukoo wa Dd2, wenye amino asidi CVIET kwenye kodoni 72 hadi 76.

#8 Hemu_na_Chuma

Tukiwa kwa pfcrt, ngoja nieleze inavyofanya, maana ni kinyume kabisa na k13. Klorokwini inaingia kwenye kile kifuko cha kumeng'enyea na kuzuia hemu isigandamane kuwa fuwele. Hemu isiyogandamana ni sumu kwa kimelea. PfCRT ni protini iliyo kwenye ukuta wa kifuko hicho. Ikipata K76T, chaji chanya ya lisini inaondoka, njia inafunguka na klorokwini inasukumwa nje. Hapa hakuna kuchelewa wala nusu: dawa inatolewa nje na mgonjwa anaweza asitibike kabisa.

Ila gharama ipo. Kimelea chenye K76T kinafanya kazi yake ya kawaida kwa shida, na pasipo klorokwini kinashindwa na wenzake. Malawi waliacha klorokwini 1993, na jaribio lililochapishwa 2006 likakuta inatibu tena kwa asilimia 99. Tanzania Bara tuliacha 2001 tukaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha 2006 tukaamua ALu.

Kabla mtu hajauliza: HAPANA, usirudishe klorokwini dukani kwa sababu hiyo. Vimelea vyenye 76T havijaisha duniani, na dawa ikirudi peke yake vitapanda tena haraka kuliko mara ya kwanza.

#9 Omukama_wa_Data

Na lumefantrine sasa? Mwanzisha uzi umesema ndiyo swali lenyewe, halafu umelipita.

#10 Hemu_na_Chuma

Nijibu mimi. Jeni ya kutazama ni pfmdr1, kromosomu ya 5, kodoni 86, 184 na 1246. Baada ya miaka ya ALu vimelea vinaelekea N86, 184F, D1246. Kumbuka N86 na D1246 ni za kawaida, siyo mutanti! Mtu anayehesabu mutanti tu ataona "usugu unapungua" na kufurahi, kumbe vimelea vinasogea upande wa kustahimili lumefantrine. Amodiakwini inavuta kinyume: 86Y na 1246Y. Kwa hiyo dawa hizi mbili zinavutana kwenye jeni moja kama kamba. Huo ndio msingi wa wazo la kutumia ALu na artesunate-amodiakwini kwa pamoja nchini, au kuziunganisha kwenye tiba ya dawa tatu.

Lakini kustahimili siyo kushinda. N86 inafanya kimelea kivumilie kiwango cha chini cha lumefantrine, mfano zile siku dawa inapopungua damuni baada ya tiba. Haikifanyi kipone kwenye dozi kamili. Kinachotisha zaidi ni nakala nyingi za pfmdr1, ambazo ndizo zilizoua meflokwini kule Thailand. Nakala hazionekani kwa kusoma herufi, unahitaji PCR ya kuhesabu. Vivyo hivyo kwa piperakwini: Kambodia ilianguka kwa nakala nyingi za jeni za plasmepsini 2 na 3 kromosomu ya 14 pamoja na mabadiliko mapya ya pfcrt. Anayesema "tuhamie DP tu" (dihidroartemisinin na piperakwini) akumbuke hilo.

#11 Vidonge_24

Hapa naomba kuvunja mjadala wa jeni kidogo. "Usugu" mwingi unaoletwa dispensari ni dozi.

ALu ya 20/120: kilo 5 hadi 14 kidonge 1, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi sita: saa 0, 8, 24, 36, 48, 60. Ile ya pili ni saa 8, SIYO 12. Mtu aliyeanza saa 2 usiku anaambiwa "asubuhi na jioni", dozi ya pili inakuwa imechelewa tayari.

Lumefantrine inahitaji mafuta. Kwa chai ya rangi, sehemu kubwa inapita tumboni bila kuingia damuni. Mafuta yenyewe si mengi: utafiti wa maziwa ya soya ulionyesha mililita 36, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zinatosha kufikia asilimia 90 ya unyonywaji wa juu kabisa. Kikombe cha maziwa, karanga, uji wenye maziwa, mchuzi wa nazi, chochote kati ya hivyo. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ileile. Watu wengi wanaendelea na ratiba kama vile hakutapika.

Na ukimpa mtu wa kilo 36 vidonge vitatu vitatu, hujapima usugu wa kimelea chochote.

#12 Kipimo_Haraka

Kuna mgonjwa kamaliza ALu, siku ya 3 MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) bado ina mistari miwili. Huo si usugu wa sehemu aliousema mwanzisha uzi?

#13 Darubini_100x

Siyo. MRDT nyingi zinasoma protini ya HRP2, na hiyo inabaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. PCR nayo inaweza kushika DNA ya maiti. Siku ya 3 ni darubini peke yake: tone nene, hesabu vimelea kwa seli nyeupe 200, zidisha kwa 8,000, gawa kwa 200, unapata vimelea kwa maikrolita. Usiseme "hakuna" kabla ya kupita nyanja 100 za darubini. Na usihesabu gametosaiti (vimelea vya hatua ya uzazi, vinavyochukuliwa na mbu)! ALu haiziondoi zote haraka, kuziona siku ya 3 hakuna maana ya kushindwa tiba.

Tena mgonjwa mmoja mwenye vimelea siku ya 3 haonyeshi kitu. Aliyeanza na vimelea 150,000 anachelewa kuliko aliyeanza na 3,000 hata kama wote wana k13 ya kawaida. Ndiyo maana vigezo vya WHO ni vya kundi. Ili usugu wa sehemu uthibitishwe, wagonjwa wanaozidi asilimia 5 wawe na mabadiliko ya k13 yaliyohakikiwa, na haohao wawe na vimelea siku ya 3 au nusu-muda wa saa 5 na zaidi. Karagwe 2022, kwa watoto wadogo, waliobaki na vimelea siku ya 3 walivuka asilimia 10. Lakini uponyaji wa siku ya 28 baada ya kusahihishwa kwa PCR ulikuwa juu ya asilimia 95. Namba hizo mbili zisomwe pamoja, ukichukua moja utapotosha.

#14 Mchuja_Damu

Na hilo neno "kusahihishwa" ndilo linalozua ugomvi. Mtoto wa Karagwe akiwa na malaria siku ya 24, ni ileile iliyorudi au kaumwa na mbu mpya? Wanalinganisha sampuli ya siku 0 na ya siku ya 24 kwa jeni za msp1, msp2 na alama nyingine. Zote zikifanana, tiba imeshindwa; moja ikitofautiana, ni maambukizi mapya. Palipo na mbu wengi mtu anabeba koo nne, tano, na PCR inapendelea vipande vifupi, hivyo ukoo uliorudi unaweza kufichwa na mpya. Ndiyo maana ukikuta asilimia ya uponyaji, uliza kwanza wametumia alama zipi na kanuni ipi ya uamuzi. Watu wawili na data moja wanaweza kutoka na asilimia tofauti kabisa.

Mstari wa kubadili sera ni kushindwa kwa zaidi ya asilimia 10, iliyosahihishwa.

#15 Kliniki_RCH

Wakuu, na SP tunayowapa wajawazito? Tanga kuna watu wanasema ni kama kuwapa chaki.

#16 Mzee_wa_Kizigua

Si chaki, ila msingi wa maneno hayo upo. SP inashambulia njia ya foleti sehemu mbili. Pirimethamini inagonga dhfr (kromosomu ya 4), na usugu unapanda kama ngazi: S108N kwanza, kisha N51I na C59R. Sulfadoksini inagonga dhps (kromosomu ya 8): A437G, halafu K540E. Vikikutana vyote ni mutanti wa tano, na Afrika Mashariki ndiye wa kawaida sasa. Maabara wanapima 540E peke yake kama kiashiria, kwa sababu huku ni nadra kuikuta bila nyingine. Ya sita ni A581G, na kaskazini mashariki mwa Tanzania, Korogwe na Muheza, ndiko imejulikana kwa kuwa juu. Hapo ndipo kinga ya SP inapodhoofika kweli.

Kutibu mgonjwa kwa SP kuliisha zamani. Kinga kwa mjamzito ni jambo jingine: hata penye mutanti wa tano, uzito wa mtoto bado unanufaika. Vidonge vitatu (500/25) kwa mara moja, mbele ya mhudumu, kuanzia trimesta ya pili, dozi ziachane angalau mwezi mmoja, angalau mara tatu.

Ila kuna kosa moja linalofanana na usugu kabisa: folic acid ya miligramu 5. Inampa kimelea foleti ileile mnayojaribu kumnyima. Mjamzito apewe ile ya 0.4.

#17 Kliniki_RCH

Ikiwa stoo ipo ya 5 peke yake?

#18 Mzee_wa_Kizigua

Mpe SP, na ile ya 5 aisimamishe wiki mbili baada ya SP. Asikatishe vidonge vya chuma, hivyo havigombani na SP. Kama kidonge chenu ni cha mchanganyiko wa chuma na foleti, soma pembeni mwa boksi: vingi vina 0.4, na hivyo anaendelea navyo bila kusimama.